Mwanafunzi Asikimbie na Njaa



Leo mnatoka Chuo cha Ualimu Songea mkiwa walimu, na wengi wenu mtakabidhiwa michezo mara tu mtakaporipoti kazini. Kwa hiyo nina neno moja kwenu: mlisheni mkimbiaji kabla ya kumdai mbio.

Tarehe 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, mkimbiaji wa marathoni Alphonce Simbu aliipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha. Baada ya kilomita 42 alimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Miguu iliyokimbia zaidi ya saa mbili hupata wapi nguvu ya kuchomoka vile?

Mwili una akiba mbili kubwa. Mafuta ni mengi hata kwa mtu mwembamba, lakini hutoa nguvu polepole na hudai oksijeni nyingi. Sukari itokanayo na wanga hukaa kwenye misuli na ini. Ni takriban gramu 500 tu kwa mtu mzima, ila nguvu yake huja upesi. Kadiri mwendo unavyopanda, ndivyo mwili unavyoitegemea sukari hiyo. Ikipungua mno, miguu huwa mizito.

Wapo wanaohimiza wanamichezo waache wanga. Nchini Australia, watafiti waliwapa wanariadha hodari wa kutembea kwa kasi mlo wa mafuta kwa wiki tatu, wakachapisha matokeo mwaka 2017. Mafuta yaliungua kweli, lakini wanariadha hao walitumia oksijeni zaidi kwa mwendo uleule, na muda wao wa kilomita 10 haukuwa bora. Wenzao waliokula wanga waliboresha muda.

Na wanga ndio utajiri wa Ruvuma, mkoa wa mahindi. Jioni ya kuamkia mashindano, mtoto ale ugali na maharage ashibe. Asubuhi, saa mbili au tatu kabla ya mbio, apate uji au viazi vitamu vya kuchemsha. Chipsi zisubiri, maana mafuta hukawia tumboni. Akimaliza, ale tena, na dagaa wa Nyasa wawepo ili misuli ijijenge.

Walimu wapya, mtakutana na mtoto mwenye kasi anayekuja shuleni bila kunywa hata chai. Akilegea uwanjani, msimwite mvivu. Muulizeni amekula nini, kisha mkae na wazazi mpaka chakula cha shuleni kipatikane. Vipaji vya mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, vinaanzia hapo.