JIRANI WA CHAMA NAYE ANA HAKI

(Maneno ya kamati kwenye mkutano wa wanachama. Tumeyabandika hapa kwa ajili ya waliokosa kufika.)



Leo hatukuja kusoma mapato na matumizi. Tumekuja kusema juu ya jambo linalonuka, na linanuka kweli: maji ya mashine yetu ya kumenya kahawa.

Msimu uliopita chama kilitoa madawati shuleni. Tukapiga picha, tukapigiwa makofi, tukafurahi. Wiki ile ile akina mama wa bondeni wakaja ofisini na ndoo ya maji ya mtoni, meusi na machachu. Wakatuuliza: "Watoto wanakalia madawati yenu, sawa. Wakirudi nyumbani wanywe nini?" Hatukuwa na jibu.

Kosa ni letu. Ute wa kahawa una sukari. Ukiingia mtoni unaoza na kumaliza hewa iliyomo ndani ya maji, samaki wanakufa. Sisi tulifungulia mfereji tu, tukasema maji yanakwenda. Yanakwenda wapi? Yanakwenda kwa watu.

Wapo wanaosema: chama ni biashara, si mahali pa sadaka. Haya, na tuhesabu kibiashara.

Kwanza, fimbo ya mbali haiui nyoka. Lori likikwama matopeni, wanaolisukuma si wanunuzi wa Ulaya, ni hao hao wa bondeni. Wachumaji wetu wengi wanatoka huko, na njia ya lori inapita kwenye viwanja vyao. Wakiifunga, kahawa itaozea wapi?

Pili, wanunuzi wanauliza. Vyama vinavyouza kahawa yenye alama ya Fairtrade hupata, juu ya bei, senti 20 za Kimarekani kwa kila ratili ya arabika, na wanachama ndio wanaoamua kwa kura fedha hizo zifanye nini. Lakini mkaguzi hutazama pia maji machafu yanapelekwa wapi. Sisi tunataka kuingia huko. Kwa mfereji ule, tutaingiaje?

Tatu, tunatupa mali. Katika kila kilo 100 za kahawa mbivu, maganda ni karibu kilo 40. Yakirundikwa na kuoza vizuri ni mbolea ya migomba na ya kahawa yenyewe. Tunanunua mbolea dukani huku nyingine tunaimwaga mtoni!

Wala jambo hili si geni katika ushirika. Mwaka 1844 wafanyakazi 28 wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka dogo. Waliuza unga usiochanganywa na kitu, kwa mizani ya haki. Baadaye wakatenga 2.5 kwa mia ya ziada yao kwa elimu. Wateja waliwaamini, duka likakua. Na mwaka 1995, huko Manchester, Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika ulipoandika upya misingi ya ushirika, msingi wa saba ulikuwa huu: kuijali jamii. Hawakusema kuipa jamii zawadi. Kuijali ni pamoja na kutoidhuru.

Basi kamati inaleta mapendekezo matatu:

1. Tuchimbe mashimo mawili ya maji machafu, mbali na mto, kabla mavuno hayajaanza. Kila mwanachama atoe siku moja ya kazi.
2. Maji ya kumenyea yarudishwe kwenye mashine yatumike tena siku hiyo hiyo, ili tuchote machache na tumwage machache.
3. Maganda yarundikwe na kugawiwa kuwa mbolea, na wa bondeni nao wapate fungu lao hata kama si wanachama.

Kwa saruji na mabomba tunaomba shilingi 10 kwa kila kilo ya kahawa mbivu, msimu mmoja tu. Tunajua inauma. Wapo wenye karo za watoto, nasi tumo. Kamati haitakata hata senti kabla ya kura yenu.

Madawati hatujutii, na tukijaliwa tutatoa mengine. Ila tuanze na uchafu wetu, zawadi zifuate.

Kura ni mkutano ujao. Akina mama wa bondeni tumewaalika. Hawapigi kura, lakini watasema nasi tutasikiliza. Ndoo yao bado ipo ofisini. Asiyeamini aje ainuse.

Ushirika ni nguvu.

Kamati ya Chama