Kuilinda Baiskeli Safarini



Leo nataka kusema nanyi juu ya kuilinda baiskeli safarini. Mtu akiibiwa baiskeli kwake hupata hasara. Lakini akiibiwa njiani, mbali na jamaa zake, hupata hasara na taabu pamoja.

Mimi mwenyewe nimeionja taabu hiyo. Nalikuwa nikisafiri kutoka Nakuru kwenda Kisumu, na karibu na Kericho mvua ikanikamata. Nikaingia hotelini kunywa chai, baada ya kulifunga gurudumu la mbele kwenye nguzo ya baraza. Nilipotoka, gurudumu lilikuwa palepale pamoja na kufuli yake, lakini baiskeli ilikuwa imekwenda na mzigo wangu wote. Katika kituo cha polisi askari aliniuliza nambari ya baiskeli. Sikuwa na jibu.

Basi sikilizeni mambo haya manne.

Kwanza, gurudumu la mbele hutoka upesi. Kwa hiyo pitisha kufuli katika fremu na gurudumu la nyuma pamoja, kisha kwenye kitu kilichosimikwa imara. Nguzo fupi haifai, maana baiskeli huinuliwa ikapita juu yake.

Pili, waya mwembamba hukatwa kwa koleo mara moja. Yafaa kutumia kufuli ya chuma kigumu. Usiache nafasi kubwa ndani yake, mwizi asije akatia mtaimbo. Wala usiilaze juu ya ardhi, ambapo ni rahisi kuivunja kwa nyundo.

Tatu, kufuli humchelewesha mwizi tu. Mlinzi hasa ni macho yako. Keti mahali unapoiona baiskeli. Mkiwa wawili, mmoja ale na mwingine alinde. Usiku mwombe mwenye nyumba ruhusa uiingize chumbani.

Nne, kila mwenye baiskeli aijue nambari yake. Mara nyingi imepigwa chini ya fremu, penye ekseli ya pedeli. Iandike, uiweke pamoja na risiti na picha, na nakala moja uiache nyumbani. Pasipo nambari, hata baiskeli ikipatikana ni vigumu kuonyesha kwamba ni yako.

Neno la mwisho ni kwa wanunuzi. Mwizi haibi ila kwa kuwa yuko atakayenunua. Kifungu cha 322 cha Sheria ya Makosa ya Jinai ya Kenya chasema kwamba mtu anayepokea mali ya wizi, akijua au akiwa na sababu ya kuamini kuwa imeibwa, aweza kufungwa hadi miaka 14. Ukiletewa baiskeli kwa bei ya kutupa, uliza risiti kwanza. Labda kuna msafiri ameketi kando ya barabara, mvuani, akiitafuta.

Tahadhari kabla ya hatari. Nawatakieni safari njema.