Karo ya Watu Wazima

Wazee wangu, ndugu zangu, na wanangu mliotoka Louisville na Columbus:

Jengo lile la mawe lenye mnara, lililofunguliwa mwaka 1901 kuwa posta ya Buffalo, baadaye likawa chuo cha jamii cha Erie. Vyuo vya namna hii havikuwekewa vijana peke yao. Hutoa pia kozi fupi kwa mtu mzima mwenye kazi na watoto. Nasi si wageni wa jambo hilo. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, bibi yetu alikwenda kisomoni na wajukuu anao, wala hakuona haya.

Mfuko wetu huzika, na huwalipia vijana karo. Je, mama zetu wanaosafisha mahoteli? Naomba kikao cha kesho kiwatengee fungu lao.