Kilomita, Saa au Damu: Makocha Wanavyopima Jasho la Mkimbiaji wa Masafa Marefu

Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu wa Tanzania na Amanal Petros wa Ujerumani walimaliza marathoni wakiwa bega kwa bega. Wote waliandikiwa saa 2:09:48, na picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyomtangaza Simbu bingwa wa dunia, kwa sekunde 0.03. Kocha anayetazama picha hiyo hujiuliza: baada ya kilomita 42, miguu huipata wapi kasi ya namna hiyo? Swali hilo limewagawa walimu wa riadha kwa karibu karne nzima.

Kocha Mjerumani Woldemar Gerschler, akishirikiana na daktari wa moyo Herbert Reindell, alijibu kwa vipande vifupi vya mbio. Mwanariadha alikimbia mpaka mapigo ya moyo yafike 180 kwa dakika, kisha akapumzika mpaka yashuke hadi 120. Yasiposhuka ndani ya dakika moja na nusu, zoezi lilihesabiwa kuwa limezidi kiasi. Mwaka 1939 mwanafunzi wake Rudolf Harbig alikimbia mita 800 kwa dakika 1:46.6, rekodi iliyodumu hadi 1955. Emil Zátopek wa Chekoslovakia naye alirudia mita 400 mara makumi kwa siku moja, na mwaka 1952 kule Helsinki akatwaa dhahabu za mita 5,000, mita 10,000 na marathoni. Hiyo ilikuwa marathoni yake ya kwanza.

Arthur Lydiard wa New Zealand alishika njia nyingine. Hakuwa msomi wa tiba. Alifanya kazi katika kiwanda cha viatu na kuujaribu mfumo wake mwilini mwake mwenyewe. Aliwataka vijana wake wakimbie kilomita 160 kwa wiki, pamoja na mbio ya kilomita 35 kwenye vilima vya Waitakere. Yalifuata mazoezi ya kupanda vilima ya kujenga nguvu, na mbio za kasi uwanjani zikaja mwisho, mashindano yalipokaribia. Hata Peter Snell, mkimbiaji wa mita 800, hakusamehewa kilomita hizo. Tarehe 2 Septemba 1960, mjini Roma, Snell alitwaa dhahabu ya mita 800, na siku hiyohiyo Murray Halberg akatwaa ya mita 5,000. Desemba 1961 Snell alikimbia marathoni nzima. Wiki chache baadaye alivunja rekodi ya dunia ya maili, na siku saba baada ya hapo ile ya mita 800, kwa dakika 1:44.3, kwenye uwanja wa nyasi! Hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba pumzi ya masafa haiui kasi.

Wanorwei wameleta kipimo cha tatu. Marius Bakken, aliyekuwa mkimbiaji wa mita 5,000 kabla ya kuwa daktari na aliyewahi kufanya mazoezi Kenya, alieneza mtindo wa mazoezi mawili ya kasi ya wastani kwa siku moja. Katikati ya zoezi tone la damu hupimwa laktati, kemikali inayoongezeka mwendo unapokuwa mkali, nayo hutakiwa ibaki kati ya milimoli 2 na 4 hivi kwa lita. Ikipanda, mkimbiaji hupunguza mwendo hata kama anajiona ana nguvu tele. Katika mkondo huo alilelewa Jakob Ingebrigtsen, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 Tokyo na wa mita 5,000 Paris.

Kambini Kaptagat, Kenya, kwa kocha Patrick Sang, hakuna anayechomwa sindano kila baada ya vipande. Jumanne ni uwanja, Alhamisi ni mbio ndefu ya kilomita 30 au 40, Jumamosi ni fatileki, yaani mbio za kupishanisha kasi na mwendo mwepesi, na siku nyingine mwendo ni mwepesi kiasi cha kumshangaza mgeni. Eliud Kipchoge, mwanafunzi wa Sang, amewahi kueleza kwamba siku za kazi ngumu hutoa asilimia 80 tu ya uwezo wake, na siku nyepesi 50. Kundi lenyewe humshika mwenye pupa.

Ndiyo sababu kulinganisha mifumo hii kwa idadi ya kilomita kunapotosha. Kila mfumo uliodumu una breki yake: moyo, mpangilio wa misimu, damu, au kundi. Wanaoiga huchukua namba na kuiacha breki. Gervais Hakizimana, kocha Mnyarwanda wa marehemu Kelvin Kiptum aliyekimbia Chicago kwa saa 2:00:35 mwaka 2023, alisimulia kuwa kijana huyo alifikia hata kilomita 300 kwa wiki, na kwamba yeye kama kocha alihofia mwili ungechakaa mapema. Namba hiyo ilisambaa kuliko hofu ya aliyeitoa, na hilo ni jambo la kuhuzunisha.

Kwa mwalimu wa shule ya sekondari mwenye wanafunzi ishirini na saa moja ya mkononi, makala hii inapendekeza mpangilio wa Lydiard kwa kilomita chache zinazoongezwa polepole: miezi ya mbio nyepesi ambazo mtoto anaweza kuongea akikimbia, vilima, kisha vipande wiki za mwisho. Kwenye vipande, kipimo cha Gerschler hakigharimu hata shilingi. Vidole viwili shingoni, sekunde 15, mapigo 30 ndiyo 120 kwa dakika. Miili hutofautiana, kwa hiyo kila mtoto aandikiwe muda wa kawaida wa mapigo yake kushuka. Siku moyo wake unapokawia kuliko kawaida, apelekwe nyumbani.