Tuziokoe Nyimbo za Litungu



Litungu la Wakurya lina nyuzi nane, na wapigaji wake wazee wanatutoka. Sauti za baadhi yao zimo katika CD makabatini mwetu, toka Tarime hadi Mugumu. CD tulizorekodi wenyewe huharibiwa na joto na mwanga. Basi tuzihamishie kwenye kompyuta mapema. Dakika moja ya CD huchukua kama megabaiti 10. Tutumie FLAC, ambayo hupunguza ukubwa huo bila kupoteza sauti, si MP3 inayopunguza sauti yenyewe. Tuandike pia jina la mpigaji, kijiji na mwaka. Nakala moja ikae mjini, nyingine nyumbani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.