Maji ya Kahawa Yasiishie Mtoni

Ndugu zetu wa nyumbani,

Kila msimu, maji tunayooshea kahawa kiwandani tunayaachia mtoni. Yana sukari na utelezi. Yakichacha huwa na asidi na kumaliza oksijeni ya mto. Wenzetu wa bondeni huchota hapo hapo.

Yakitulia kwenye mabwawa na kutiwa chokaa, maji hayo yanaweza kumwagilia migomba na mahindi, na potasiamu iliyomo ikawa mbolea. Lakini tusikimbilie mabomba. Tunaomba michango kwa awamu mbili: kwanza mabwawa na vipimo vya maabara, mabomba yatafuata maji yakifaulu. Yasipofaulu, fedha za mabomba hazitaguswa, na hesabu tutazisoma mbele yenu.

Karibuni tuchange.