PICHA HUTUNZA SURA, KALAMU HUTUNZA JINA

(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo cha watu wazima)



Leo nataka tuzungumze juu ya wapiga picha waliozunguka katika miji midogo ya Marekani zaidi ya miaka 170 iliyopita. Najua mtauliza: "Mwalimu, hayo yanatuhusu nini sisi?" Subirini kidogo, mtaona.

Mwaka 1839 Mfaransa mmoja, Louis Daguerre (jina lake husomwa Dageri), alitangaza njia yake ya kupiga picha. Picha hizo ziliitwa dagerotaipu. Mwaka ule ule habari zilifika Marekani. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka sura yake ibaki alimlipa mchoraji. Mkulima au fundi viatu angepata wapi fedha hizo? Wengi walikufa, na wajukuu wao hawakujua babu alikuwa na sura gani.

Kazi ya njiani

Wapiga picha wengi walikuwa na kazi nyingine kwanza. Huyu alikuwa fundi saa, yule mhunzi, yule mwalimu. Mtu alijifunza kwa majuma machache, akanunua kamera na dawa, akashika njia na gari lake la farasi. Akifika mji mdogo, alipanga chumba hotelini au juu ya duka. Alitaka chumba chenye dirisha kubwa, maana taa za umeme hazikuwepo. Kisha alitangaza gazetini kwamba atakaa siku chache tu, watu waje upesi. Wateja walipokwisha, alifunga mizigo, huyoo, mji mwingine.

Picha ilipigwaje?

Alichukua kipande cha bati la shaba lililopakwa madini ya fedha. Alikisugua mpaka king'ae kama kioo. Alikiweka juu ya mvuke wa dawa iitwayo iodini ili kiweze kushika mwanga, kisha akakitia ndani ya kamera.

Mteja aliketi kitini. Nyuma ya kichwa chake palikuwa na chuma cha kumshikilia asitikisike. Mwanzoni ilibidi atulie kwa dakika kadhaa. Katika miaka ya 1840 muda huo ulipungua, ukawa chini ya dakika moja. Lakini hata hivyo, aliyetikisika sura yake ilitoka kama ukungu. Hebu jaribu kucheka bila kutikisika muda wote huo! Ndiyo maana watu wengi katika picha hizo wanaonekana kama wako mahakamani.

Baada ya hapo bati liliwekwa juu ya mvuke wa zebaki iliyopashwa moto, na sura ikajitokeza. Zebaki ni sumu, na mpiga picha alivuta mvuke huo siku kwa siku. Mwisho picha iliwekewa kioo na kutiwa katika kikasha kidogo. Ilikuwa moja tu. Hapakuwa na filamu ya kutolea nyingine. Ikipotea, basi.

Kwa nini watu walilipa?

Katika miaka ya 1840 picha moja iliweza kuwa dola mbili au zaidi, na kibarua wa shambani hakufikia dola moja kwa siku. Baadaye bei ilishuka, mahali pengine hata senti 25. Mbona walilipa? Walilipa kwa sababu ya mapenzi na hofu. Maradhi yaliua watoto wengi siku hizo. Wazazi wengine walimwita mpiga picha mtoto akiwa amekwisha kufa, ili wabaki na sura yake. Na mwaka 1849 maelfu ya wanaume walipokwenda California kutafuta dhahabu, wengi waliwaachia wake zao picha. Nani alijua kama watarudi?

Kati ya wapiga picha hao alikuwepo Mmarekani mweusi, James Presley Ball. Alizaliwa mwaka 1825 katika jimbo la Virginia. Yeye alikuwa mtu huru, lakini weusi wengi wa huko walikuwa watumwa. Mwaka 1845 alifundishwa kazi hii na mpiga picha mweusi mwenzake, akafungua chumba katika mji wa Cincinnati. Wateja wakawa haba, akafunga. Hakukata tamaa. Alizunguka na kamera yake, na mwaka 1849 akarudi Cincinnati. Safari hii alifaulu, akawapiga picha weusi kwa weupe.

Sura bila jina

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya nilete habari hii. Picha nyingi za aina hiyo zimetunzwa mpaka leo katika majumba ya makumbusho. Sura ni safi, hata vifungo vya shati unaweza kuvihesabu. Lakini chini pameandikwa: mwanamume asiyejulikana, mwanamke asiyejulikana. Zimo pia picha za yaya mweusi amempakata mtoto wa bwana wake. Mara nyingine jina la mtoto linajulikana, la yaya halijulikani. Katika majimbo mengi ya kusini sheria ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma na kuandika. Ataandikaje jina lake?

Ninyi mnajua kuandika. Basi leo jioni toeni picha zilizomo sandukuni. Kwa penseli, polepole, andikeni nyuma: huyu ni nani, mwana wa nani, mahali gani, mwaka gani. Kama picha zimo katika simu, andikeni majina hayo daftarini. Waulizeni wazee wangali hai. Mzee akiondoka, majina anayoyajua yeye peke yake yanaondoka naye.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini watu katika picha hizo hawakucheka?
2. Kwa nini jina la yaya halikuandikwa?
3. Nyumbani kwako, ni picha ngapi zisizo na jina?